Tumaini la Pittsburgh ni Deni

Ndugu msikilizaji, leo naomba ruhusa nikutoe kidogo nje ya mipaka yetu. Nataka twende mpaka mji wa Pittsburgh, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania huko Marekani, tukazungumze habari za timu yake ya besiboli iitwayo Pirates, yaani Maharamia. Najua wapo watakaoguna. Watasema, mchezo huo wa Wamarekani unatuhusu nini sisi tunaokesha kwa ajili ya Simba na Yanga? Nawaomba subira. Kisa cha timu hii kina mengi kuliko gongo na mpira. Ni kisa cha watu wanaopenda kitu ambacho kwa karatasi za sheria si chao, na ambao kila mwaka huambiwa wangoje mwaka unaofuata.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe kwa ufupi, ili twende pamoja. Timu mbili hucheza, kila upande wachezaji tisa. Mrushaji wa upande mmoja anamrushia mpira mpigaji wa upande wa pili, naye mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia. Uwanjani mna vituo vinne, na cha nne ndicho kile alichoanzia, nao hukiita nyumbani. Akizunguka vyote mpaka nyumbani bila kutolewa, timu yake inapata pointi. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka kwa raha zake pasipo wa kumsumbua. Mchezo una mizunguko tisa, na katika kila mzunguko timu hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Timu moja hucheza michezo 162 kwa msimu mmoja. Naam, 162! Mwenye kupenda timu ya besiboli anaishi nayo karibu kila siku, tangu majira ya kuchipua mpaka majani yaanze kuanguka.

Sasa nieleze niliyoyaona kwa macho yangu. Oktoba mwaka 1992 nilikuwa Pittsburgh kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mgane, mstaafu wa kiwanda cha chuma, mtu wa maneno machache. Usiku wa tarehe 14 mwezi huo alinigongea mlango, akaniambia nishuke tutazame mpira. Timu yake ilikuwa ugenini Atlanta, katika mchezo wa saba na wa mwisho wa kumtafuta bingwa wa Ligi ya Taifa. Mshindi angekwenda fainali, ile ambayo Wamarekani, kwa majivuno yao, huiita Mashindano ya Dunia.

Pirates waliongoza kwa pointi 2 kwa 0 mpaka mzunguko wa tisa. Mzee alikuwa ameshavaa kofia yake ya timu, nyeusi yenye herufi ya njano, na ameweka chupa mbili za bia mezani. Kisha mambo yakaharibika. Atlanta wakapata pointi moja. Wakawa na watu kwenye vituo vyote, na wachezaji wao wawili walikuwa wameshatolewa. Akisha kutolewa mmoja zaidi, kazi imekwisha. Akaingia kupiga Francisco Cabrera, mchezaji wa akiba ambaye msimu mzima alikuwa hakupata nafasi ila mara chache mno. Akaupiga mpira kushoto. Mtu wa kwanza akaingia nyumbani, matokeo yakawa 2 kwa 2. Nyuma yake alikuja Sid Bream, mtu mzito mwenye magoti mabovu, ambaye zamani alikuwa mchezaji wa Pittsburgh hiyo hiyo. Mlinzi wa kushoto, Barry Bonds, akaurusha mpira nyumbani. Bream akajitupa chini, akateleza, mguu wake ukagusa kituo nukta moja kabla hajaguswa. 3 kwa 2. Kwisha.

Mzee hakupiga kelele. Aliizima televisheni, akavua kofia, akaikunja, akaniambia neno moja tu: "Mwakani."

Ndugu zangu, mwakani hiyo haikuja. Mwezi Desemba Bonds alikwenda zake San Francisco kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 43. Kuanzia mwaka 1993 timu ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. 1994 vivyo hivyo. 1995 vivyo hivyo. Ikaendelea mpaka 2012, misimu 20 mfululizo. Katika michezo ya kulipwa ya Marekani Kaskazini hakuna timu nyingine iliyowahi kufikia rekodi hiyo ya huzuni. Mwaka 2004 niliandikiwa kwamba mzee wangu amefariki. Alingoja miaka kumi na miwili.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni kitu gani kinachomfanya mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aendelee kungoja? Jibu nililipata katika historia, nami nataka niipitie nanyi.

Timu hii ni kongwe. Iliundwa mwaka 1881 na kuanza kucheza ligi mwaka 1882, zaidi ya miaka hamsini kabla ya Yanga yetu ya 1935. Jina lake la kwanza lilikuwa Alleghenys. Jina la Maharamia lilikuja kama tusi. Mwaka 1890 wachezaji wengi wa Marekani waliasi, wakaanzisha ligi yao wenyewe, ambayo ilikufa baada ya msimu mmoja tu. Wachezaji wakatakiwa kurudi katika timu zao za zamani. Timu moja ya Philadelphia ikasahau kuliandika jina la mchezaji wake, Lou Bierbauer, katika orodha ya wale iliowadai. Pittsburgh wakaona mwanya, wakamsajili. Wenzao wakapiga kelele kwamba huo ni uharamia. Watu wa Pittsburgh hawakukasirika. Walilichukua lile tusi, wakalivaa kama kanzu ya Idi, na tangu 1891 wanaitwa hivyo.

Mapema katika karne ya 20 timu hii ilikuwa miongoni mwa vigogo. Ilicheza katika fainali ya kwanza ya zama hizi, mwaka 1903, ikafungwa na Boston. Mwaka 1909 ilifungua uwanja wake wa Forbes Field na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Detroit. Nyota wake alikuwa Honus Wagner, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, ambaye utotoni alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Mnamo 1936 alikuwa mmoja wa watu watano wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Picha yake ndogo, iliyokuwa ikitiwa ndani ya pakiti za sigara, ni adimu kiasi kwamba mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mwaka 1925 ubingwa ulikuja mara ya pili.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo sherehe nyingi hulipita haraka. Miaka hiyo yote, mtu mweusi hakuruhusiwa kuvaa jezi ya Pirates, wala ya timu yoyote ya ligi kuu. Na katika mji huo huo wa Pittsburgh zilikuwapo timu mbili za watu weusi zilizokuwa miongoni mwa bora kabisa nchini: Crawfords na Homestead Grays. Humo alicheza Josh Gibson, mdakaji na mpigaji wa ajabu, ambaye jamaa zake walihamia Pittsburgh kutoka Georgia kwa ajili ya kazi ya viwanda vya chuma. Grays walikuwa wakiukodi uwanja wa Forbes Field kwa michezo yao. Fikiria, msikilizaji: Gibson alipiga mipira katika uwanja ule ule wa Pirates, mbele ya ukuta ule ule, lakini hakuweza kuichezea timu yenye uwanja. Alifariki Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia Brooklyn na kuuvunja ukuta wa rangi. Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za ligi za weusi katika vitabu vyake, na jina la Gibson likapanda juu kabisa katika orodha ya wastani wa upigaji wa wakati wote, likimpita Ty Cobb. Ni heshima njema. Lakini heshima hiyo ilimkuta miaka 77 kaburini. Na Pirates wenyewe hawakumchezesha mtu mweusi mpaka mwaka 1954, Curt Roberts.

Mlango ulipofunguliwa, ndipo timu hii ikapata utukufu ambao watu wanauishi mpaka leo.

Mwaka 1955 alifika kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente. Alikuwa mweusi, na alikuwa msema Kihispania. Magazeti yalimwita Bob, jina ambalo hakulipenda; yeye alisisitiza aitwe Roberto, kama wazazi wake walivyompa. Alicheza upande wa kulia, na mkono wake wa kurushia mpira ulikuwa kama teo. Mwaka 1960 alikuwemo katika timu iliyokutana na Yankees wa New York kwenye fainali. Katika michezo saba Yankees walipata jumla ya pointi 55, Pirates 27. Ukihesabu pointi ungesema Yankees ndio mabingwa. Lakini fainali huhesabiwa kwa michezo, na tarehe 13 Oktoba, katika mzunguko wa tisa wa mchezo wa saba, matokeo yakiwa 9 kwa 9, Bill Mazeroski aliupiga mpira ukavuka ukuta wa Forbes Field. Huyu alikuwa mlinzi hodari, si mpigaji wa kutisha. Mzee wangu aliniambia kwamba siku hiyo kiwandani walisikia kwa redio, na mashine zikaachwa zikilia peke yake. Kwa asiyejua Pittsburgh hiyo ni hadithi ya mpira. Kwa aliyekuwapo, ni siku ambayo vibarua wa chuma waliwashinda matajiri wa New York.

Tarehe 1 Septemba 1971, kocha Danny Murtaugh, Mwairishi kwa asili, alipanga kikosi cha wachezaji tisa dhidi ya Philadelphia. Ilichukua muda kabla hata wachezaji wenyewe hawajagundua: wote tisa walikuwa weusi, wengine wa Marekani, wengine wa Panama, Cuba na Puerto Rico. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika ligi kuu. Murtaugh alipoulizwa alijibu kwamba yeye alipanga watu tisa walio bora siku hiyo, basi. Wakashinda 10 kwa 7. Mwezi uliofuata wakaifunga Baltimore katika fainali, na Clemente akatajwa mchezaji bora wa fainali hizo. Kutoka Gibson kuukodi uwanja mpaka siku hiyo, kulipita kama robo karne. Ndiyo maana nasema historia ya timu hii si ya vikombe tu.

Septemba 30, 1972, Clemente alipata pigo lake salama la 3,000. Mwezi Desemba tetemeko la ardhi likaubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente alikusanya misaada. Zilipomfikia habari kwamba misaada ya mwanzo ilikuwa ikiibwa na askari wa serikali ya huko, aliamua kwenda mwenyewe. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1973 alipanda ndege kuukuu iliyojazwa kupita kiasi, ikaanguka baharini punde tu baada ya kuruka kutoka San Juan. Mwili wake haukuonekana. Rafiki yake, mdakaji Manny Sanguillén wa Panama, hakwenda kwenye ibada ya kumbukumbu. Aliingia baharini pamoja na wazamiaji kumtafuta. Pigo la 3,000 likawa ndilo la mwisho katika hesabu zake za ligi. Mwaka 1973, bila kungoja ile miaka mitano iliyo kanuni, akaingizwa katika Jumba la Mashujaa, Mlatini wa kwanza kupata heshima hiyo.

Ubingwa wa tano, na wa mwisho mpaka sasa, ulikuja mwaka 1979. Kiongozi alikuwa Willie Stargell, mwenye umri wa miaka 39, ambaye wenzake walimwita Baba. Walikuwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1 dhidi ya Baltimore ile ile, wakashinda mitatu mfululizo. Timu ilijiita familia, kwa wimbo wa Sister Sledge uliokuwa ukivuma mwaka huo.

Familia. Likumbuke neno hilo, msikilizaji, maana baada ya hapo viwanda vilianza kufungwa. Kiwanda kikubwa cha Homestead kilifungwa mwaka 1986. Maelfu walipoteza kazi, vijana wakahama. Na timu nayo ikawa ya kuuzwa, ikasemekana itahamishwa. Ndipo makampuni ya mji pamoja na serikali ya mji wakachanga fedha kuinunua ili isiondoke. Katika mji uliokuwa ukipoteza karibu kila kitu, timu ilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo watu walikataa kuvipoteza.

Miaka ya 1990 ikaja habari ya uwanja mpya. Mwaka 1997 wapiga kura walipelekewa pendekezo la kodi ya nyongeza ya kujengea viwanja. Wakalikataa. Viongozi wakatafuta njia nyingine, na fedha za umma zikapatikana hata hivyo. Uwanja wa PNC Park ukafunguliwa mwaka 2001, ukiwa na ukuta wa kulia wenye urefu wa futi 21, kwa heshima ya namba 21 aliyovaa Clemente. Siku ya mchezo watu huuvuka mto kwa miguu juu ya daraja lenye jina lake. Ni uwanja mzuri kweli kweli. Na siku ile ya Aprili ya mchezo wa kwanza wa ligi humo, alfajiri yake, Stargell alifariki dunia.

Uwanja mpya uliahidiwa kuwa dawa. Tukajengewe, kisha tutakuwa na fedha, kisha tutashinda. Uwanja ukajengwa. Ushindi haukuja kwa miaka mingine kumi na miwili.

Ulikuja mwaka 2013. Andrew McCutchen alikuwa mchezaji bora wa ligi, timu ikashinda michezo 94, na tarehe 1 Oktoba ikawakaribisha Cincinnati katika mchezo mmoja wa mtoano. Watu zaidi ya 40,000, wamevaa nyeusi tupu, wakaanza kuliimba jina la mrushaji wa wageni, Johnny Cueto, kwa kulivuta, kama watoto wanavyotaniana mtaani. Mpira ukamponyoka mkononi, ukaanguka chini. Mpira uliofuata, Russell Martin aliupiga ukavuka ukuta. Nilipozisikia habari hizo nilimkumbuka mzee wangu. Ningetamani awepo, walau kwa usiku ule mmoja. Timu ilifika mtoano tena 2014 na 2015, ikatolewa mapema, na tangu hapo mpaka mwisho wa msimu wa 2025 haikufika tena. Januari 2018 McCutchen mwenyewe aliuzwa, na akarudi mwaka 2023, nywele zikianza mvi.

Sasa tuseme kweli, kwa haki. Wenye timu wana hoja yao. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara. Mwaka 2025 mabingwa Los Angeles Dodgers walilipa wachezaji wao zaidi ya dola milioni 300. Pittsburgh mishahara ya kikosi haikufika milioni 100. Mji ni mdogo, mapato ya televisheni ni madogo. Hilo halikanushiki. Lakini klabu tajiri huchangia mfuko wa kuzisaidia zilizo dhaifu, na mwaka 2018 chama cha wachezaji kililalamika rasmi dhidi ya klabu nne, Pittsburgh ikiwemo, kikidai kwamba fedha hizo hazitumiki kuimarisha timu kama inavyotakiwa. Na ziko timu nyingine za miji ya wastani zinazofika mtoano mara kwa mara. Kwa hiyo umaskini ni sababu, lakini haujawa sababu ya kutosha.

Mwaka 2025 hasira zilifurika. Msimu ulipoanza nyumbani, watazamaji walimwimbia mmiliki mkuu, Bob Nutting, aiuze timu. Siku hizo hizo ilionekana kwamba namba 21 ya Clemente imeondolewa mahali fulani ukutani na kuwekwa tangazo la kinywaji. Watoto wake wakasikitika hadharani, klabu ikaomba radhi, namba ikarudishwa. Kisha yakaja matofali. Uwanja ulipokuwa ukijengwa, mashabiki waliuziwa matofali ya kutandikwa nje, kila moja limechongwa jina: la baba aliyefariki, la mtoto aliyezaliwa, la ndoa. Majira hayo ya 2025 matofali yalikutwa yametupwa katika lundo la taka za kusagwa. Klabu ilieleza kwamba yalikuwa yamechakaa na kuwa hatari kwa wapita njia, ikaahidi kumbukumbu nyingine ya kudumu. Huenda maelezo yalikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyelinunua lile tofali hakununua udongo wa kuchoma. Alinunua neno "sisi". Na aliyeliondoa pasipo kumwambia alimjibu kwamba hapa hakuna "sisi". Kuna mwenye mali na kuna mteja.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo, ndugu msikilizaji. Timu ni ya nani? Kwa sheria ni ya mwenye hisa. Lakini nani aliyeilipia? Kodi ya mji ilijenga uwanja. Vibarua wa chuma walinunua tiketi miaka ya njaa. Watoto walifundishwa jina la Clemente kabla ya kujua hesabu. Hata sisi huku kwetu, tunapobishana kuhusu wanachama na wenye fedha katika klabu zetu, tunabishania swali hilo hilo kwa lugha nyingine.

Na tumaini la msimu unaokuja, je, lipo? Lipo, tena si la uongo. Jina lake ni Paul Skenes. Huko vijana wa vyuoni hugawiwa klabu kwa zamu, walio dhaifu wakipewa nafasi za mbele, na mwaka 2023 Pittsburgh walikuwa wa kwanza kuchagua. Wakamchukua mrushaji huyu. Mwaka 2024 alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi. Mwaka 2025 akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora: katika kila mizunguko tisa aliruhusu kwa wastani pointi zisizofika mbili. Na unajua rekodi yake ya ushindi mwaka huo ilikuwaje? Alishinda 10, akafungwa 10. Mrushaji bora kuliko wote, naye amegawana nusu kwa nusu, kwa sababu wenzake hawakuweza kumfungia pointi. Timu yake ikamaliza na ushindi 71 na kushindwa 91. Sijaona takwimu inayoieleza klabu hii vizuri zaidi: kipaji kimo ndani, msaada hakuna.

Mwezi Mei mwaka huo kocha alibadilishwa, akawekwa Don Kelly, mzaliwa wa Butler, karibu na Pittsburgh. Kuelekea msimu wa 2026 klabu ilifungua mkoba kidogo: ilimleta mpigaji Brandon Lowe kutoka Tampa Bay, na ikamsajili Ryan O'Hearn kwa miaka miwili na dola milioni 29. Katika timu za chini alikuwamo kijana Konnor Griffin, aliyezaliwa mwaka 2006, ambaye wajuzi wengi walimtaja kuwa bora kuliko vijana wote wa nchi waliokuwa bado hawajafika ligi kuu.

Na lipo jingine, linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walijipatia haki ya kwenda katika mashindano ya dunia ya watoto, yanayofanyika Williamsport, katika jimbo lile lile la Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wenzao wakafika, timu ya kwanza kutoka bara letu kucheza huko. Na Pirates hao hao wa Pittsburgh wamemsajili Mganda, mrushaji David Matoma, katika timu zao za vijana. Klabu iliyokuwa haimwoni Josh Gibson jirani yake sasa inatafuta mikono ya kurusha mpaka Uganda. Kama mlango huo utabaki wazi, huenda siku moja mtoto wa Afrika Mashariki akapita juu ya daraja la Clemente akiwa amevaa jezi. Nami nikiwa hai nitaitazama siku hiyo.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Nami naongeza kwamba mtu anayeishi kwa tumaini la wengine, akauza tiketi, kofia na matofali kwa tumaini hilo, naye ana deni. Watu wa Pittsburgh hawadai kikombe kila mwaka. Katika michezo mtu hushindwa, na wao wamezoea. Wanadai waone kwamba mwenye timu anajitahidi kama wao wanavyongoja. Clemente alipanda ndege mbovu ili misaada imfikie mwenye haki nayo. Haiwi vigumu kiasi hicho kumletea Skenes wapigaji.

Mzee wangu aliniambia neno moja tu, na mpaka leo naliona lilikuwa neno la mtu mwema, si la mjinga. Mwakani. Wenye timu, lipeni. Nasi tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.